Mkokoteni wa Gurudumu Moja

Daktari aliyemshona Spoki ngiri alimpa masharti matatu. Mawili aliyasahau kabla hajafika nyumbani. La tatu halikusahaulika, kwa sababu mke wake alikuwepo na alilisikia: asinyanyue kitu kinachozidi nusu ndoo ya maji, si mwezi huu wala mwaka huu.

"Nusu ndoo," mke wake alirudia walipokuwa wakivuka lango la hospitali. "Umesikia, Baba Pacha? Si ndoo. Nusu."

"Nimesikia. Nilipasuliwa kinena, sikupasuliwa masikio."

Spoki alikuwa na miaka hamsini na saba, thelathini na mmoja kati yake ameitumia kutengeneza baiskeli ndani ya kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa mashine ya kusaga nafaka. Ringi iliyopinda aliinyoosha kwa sikio. Aliizungusha taratibu, akagusa kila spoki kwa ukucha, akasikiliza, kisha akakaza ile iliyolia tofauti na wenzake. Ndipo lilipotoka jina lake. Unga uliopenya kwenye nyufa za mabati ulimtua kichwani mchana kutwa, hivyo wateja wageni walimpa heshima ya mzee wa miaka sabini hadi alipojipangusa.

Siku sita za wiki aliinama. Ya saba, msimu wa uwindaji unapofunguliwa, alikwenda msituni na kuinua macho. Hivyo ndivyo alivyoeleza mwenyewe, na hakupenda kuulizwa zaidi. Alikuwa amewinda misimu kumi na tisa na watu wawili walewale: kaka wa mke wake, dereva wa lori aliyestaafu na gari dogo la mizigo lililochoka kuliko yeye, na kinyozi wa mtaa wa pili. Leseni yao ilikuwa moja, ya kundi, yenye nafasi tatu za majina na si zaidi.

Sheria ya serikali ilikuwa fupi. Mnyama atoke msituni siku hiyohiyo akiwa mzima, ametolewa matumbo tu, na afike kwenye mizani ya afisa wanyamapori kando ya barabara kabla ya saa sita mchana. Akichelewa, nyama inafukiwa na kundi linaandikiwa kosa. Makosa mawili ndani ya msimu mmoja, leseni imekwenda. Sheria ya kundi ilikuwa fupi zaidi: anayepiga ndiye anayetoa.

Kwa misimu miwili, tangu ngiri ianze kumsumbua, Spoki alikuwa akipiga na wenzake wakitoa. Walimfunga mnyama kwenye mti mrefu na kumbeba begani, mmoja mbele, mwingine nyuma, huku Spoki akitembea kando na bunduki zote tatu kama askari wa msafara. Mara ya mwisho Kinyozi aliteleza kwenye mteremko na goti likavimba. Wiki nzima alinyoa akiwa ameketi yeye, na wateja wamesimama.

Shemeji alikuja kibandani Jumanne moja, akakaa juu ya kreti la vipuri, akazungusha pedeli iliyokuwa mezani.

"Shemeji, nakuambia kwa sababu nakuheshimu," alisema. "Kinyozi ana mpwa wake, yule anayepakia magunia sokoni. Ana mabega kama mlango."

"Mlango haujui kulenga shabaha."

"Kulenga atafundishwa. Mabega hayafundishwi. Sasa wewe utakuwa unapiga, sisi tunabeba? Huo si uwindaji, huo ni ubwana."

Spoki hakukasirika, kwa sababu hapakuwa na uongo wa kukasirikia. Aliendelea kupaka grisi kwenye gololi moja moja. Tangu atoke hospitali mke wake ndiye aliyebeba mtungi wa gesi, na wateja wenyewe ndio waliotundika baiskeli zao kwenye ndoano huku wakimwambia, "Kaa, mzee, kaa tu." Alikuwa amekaa kiasi cha kutosha.

"Nipe msimu huu," alisema.

"Utabeba na nini? Na ile nusu ndoo?"

Kumbe habari ya ndoo ilishafika ukoo mzima.

"Sitabeba. Nitasukuma."

Alianza kazi jioni ileile. Kitu alichokitaka kilimjia kichwani kikiwa kizima: mkokoteni wa gurudumu moja. Magurudumu mawili yangehitaji njia ya mtu na mkewe, na njia za msituni zina upana wa yule mnyama aliyezikanyaga. Gurudumu alilitoa kwenye pikipiki ndogo iliyokufa, kwa sababu la baiskeli lingekunjika kama karatasi likielemewa ubavuni. Fremu aliiunda kwa mabomba ya kitanda cha chuma, akachomelewa na jirani mwenye mashine ya umeme. Gurudumu alilikalisha katikati kabisa, si mbele kama toroli la mjenzi. Toroli la mjenzi hugawa mzigo kati ya ekseli na mikono, na mikono yake haikuruhusiwa kugawiwa kitu. Hapa ekseli ingebeba kila kitu, mikono ingesawazisha tu. Aliongeza breki ya baiskeli yenye mpini, mguu wa kuegeshea, mishikio minne inayochomoka, na juu yake kitanda cha turubai chenye urefu wa mtu mfupi.

Kuupima alipakiziwa na jirani yule mfuko mmoja wa saruji, kilo hamsini, karibu sawa na kulungu dume aliyetolewa matumbo. Aliufunga kwa vipande vya tyubu, kama anavyofunga kila kitu. Fundi baiskeli huamini mpira kuliko anavyoamini ndugu. Mpira ndio unaoshika gunia la mkaa, kreti la soda na jogoo aliye hai. Kisha akauzungusha mkokoteni nyuma ya mashine ya kusaga, juu ya mawe, chini ya mteremko wa mfereji, akarudi. Mara ya tatu aliuendesha kwa mkono mmoja, huku akipiga mluzi.

Mwenye mashine alitoka mlangoni, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi.

"Unamsafirisha nani, fundi?"

"Kiburi cha shemeji yangu."

Jumamosi iliyotangulia ile ya mwisho wa msimu waliingia msituni pamoja. Msitu ulianza nyuma ya kibanda cha mizani. Njia ilipanda kilima kimoja, ikashuka hadi kijito, kisha ikapanda tena taratibu kuelekea kwenye uwanda wa majani marefu ambako kulungu hutoka asubuhi. Siku hiyo Kinyozi ndiye aliyepiga. Kwa goti lake lile, alikuwa tayari kabisa kumwachia Spoki heshima ya kutoa.

Hatua mia mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha mkokoteni ukaanza kuvuta kushoto. Spoki akasimama, akamrudisha kulungu katikati, akakaza mpira, akaendelea. Baada ya hatua hamsini ukavuta kulia.

Saruji ikifungwa hulala. Mnyama aliyekufa halali, anamwagika. Kila gurudumu lilipogonga mzizi, mpira ulilegea kidogo, shingo ikateleza kwa upana wa kidole, na mpira ulipojikaza tena ulimkuta kulungu mahali pengine. Hesabu ya uzito ilikuwa sahihi hadi kilo ya mwisho. Alichokosea Spoki ni tabia ya mzigo.

Katikati ya kijito kichwa kilianguka upande mmoja, pembe zikanasa kwenye jiwe, mishikio ikajipinda mikononi mwake, na kila kitu kikaenda majini, fundi akiwemo. Walimpakia upya mara tatu, watu wote watatu wakishika. Walifika kwenye mizani saa sita na dakika arobaini.

Afisa alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sare iliyopigwa pasi. Aliangalia saa yake, halafu akaangalia koleo lililoegemea ukuta.

"Afande," Shemeji alianza, "tumefahamiana miaka mingapi?"

"Mingi. Lakini saa yangu haina rafiki."

Kinyozi mwenyewe ndiye aliyechimba. Gari liliwarudisha hadi mbele ya nyumba ya Spoki. Hapo Shemeji alizima injini.

"Kosa moja tumeshaandikiwa," alisema, macho kwenye usukani. "La pili sitaki. Jumamosi ijayo ni ya mwisho, na fomu ya mwaka kesho naijaza siku hiyohiyo palepale kwa afisa. Kwa ajili ya dada yangu nakupa nafasi hiyo moja. Ukipiga, utoe peke yako. Sisi tutakuwa nyuma. Saa tano ikikukuta hujavuka kijito, tunabeba wenyewe, na nafasi ya tatu ni ya yule kijana."

"Na nikivuka kabla ya saa tano?"

"Unaendelea. Lakini mkono wa mtu mwingine ukigusa mzigo kabla ya mizani, hesabu ni ileile."

"Nimekubali."

"Usikubali haraka hivyo. Nenda kafikiri."

"Nimeshafikiri. Fungua mlango, huu wa gari lako haufunguki kwa ndani."

Jumapili mke wake alimkuta uani, amepiga magoti kando ya mkokoteni, akiongeza mpira juu ya mpira. Mama Pacha alikuwa mhudumu wa wodi ya upasuaji kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na alikuwa na namna ya kusimama akiwa ameshika kiuno ambayo hata madaktari waliiogopa. Alisimama hivyo, akiitazama mipira ile.

"Sema," mumewe alisema.

"Huyo mnyama alianguka upande gani?"

"Pande zote."

"Kichwa kwanza?"

Spoki aliinua uso. "Umejuaje?"

"Lala hapo juu."

"Nini?"

"Lala kwenye hilo turubai. Chali. Jilegeze kama mtu aliyechomwa nusukaputi."

Alibisha kidogo, kwa ajili ya heshima yake, kisha akalala. Mkewe akamfunga kwa mipira yake mwenyewe, vilevile alivyokuwa amemfunga kulungu, akashika mishikio, akaanza kusukuma. Alikuwa mwanamke mpana na alisukuma bila haraka. Gurudumu lilipopanda ukingo wa sakafu ya kufulia, Spoki alihisi mwili wake ukiteleza mzima, kidogo tu, kama samaki ndani ya mfuko. Ukingo wa pili ulimwondoa mkono wa kulia. Wa tatu ulimchukua kichwa, na kichwa kikavuta bega, na mkokoteni ukalala.

"Toba! Mama Pacha!"

"Wagonjwa hawapigi kelele."

Alimwinua, akampangusa mchanga sikioni, akamweleza kwa sauti ileile aliyowahi kuwafundishia wahudumu wapya. Mtu aliyelala nusukaputi ni mzito mara mbili ya mtu aliye macho.

"Kilo ni zilezile," Spoki alisema.

"Kilo ni zilezile, ila hajishikilii. Wewe ukibebwa unajishikilia bila kujua. Yeye hana habari na wewe. Kwa hiyo unaanza na vitu vinavyoning'inia. Kichwa, mikono, miguu. Unavikunja, unavifunga kwenye mwili wake mwenyewe. Halafu ndipo unaufunga mwili kwenye machela. Wewe umefunga tumbo, tumbo lilikuwa halina mpango wa kwenda popote."

"Na mpira?"

"Mpira unasamehe. Unaachia kidogo, unarudisha kidogo. Mzigo ukishajua unasamehewa, basi." Aliingia ndani, akatoka na shuka la zamani la kijani lenye muhuri uliofifia, akalichana vipande virefu kwa meno na mikono. "Shuka halina huruma. Lala tena."

Safari hii alimkunja mikono kifuani na kuifunga, akafunga magoti pamoja, akaegemeza kichwa begani na kukifunga hapohapo. Kisha vitambaa vitano kutoka fremu hadi fremu: kifuani, tumboni, nyongani, mapajani, kwenye vifundo. Aliposukuma, Spoki hakuona chochote ila anga na waya wa kuanikia nguo, lakini alihisi kila kitu. Mkokoteni ulipoinama, naye aliinama. Uliponyooka, alinyooka. Hapakuwa tena na mzigo na chombo. Kilikuwa kitu kimoja.

Uso wa jirani ulichomoza juu ya ukuta.

"Mama Pacha, jamani! Kuna msiba?"

"Bado," alijibu, akaendelea na mzunguko wa pili.

Wiki ile Spoki hakutengeneza baiskeli nyingi. Alikata mipira yote kwenye fremu, na kila alipokata alihisi kama anamtukana baba yake. Alimpelekea fundi viatu turubai zito, akashonewa mikanda mitano yenye vifungo vya chuma vilivyotoka kwenye mabegi ya shule yaliyochakaa. Kwenye fremu akachomelesha pete, moja kila shibiri. Kupakia nako kulihitaji akili, maana kilo hamsini haziwezi kupandishwa kitandani na mtu wa nusu ndoo. Akatafuta bomba lenye urefu unaomzidi yeye, linaloingia kwenye tundu ubavuni mwa fremu. Mkokoteni ungelazwa kando ya mnyama, mnyama angefungwa akiwa chini, halafu bomba lingeshushwa kama mpini wa pampu na vyote viwili vingeinuka pamoja. Kwa majaribio hakutumia tena saruji. Alitumia magunia mawili ya mchanga yaliyojazwa nusu na kufungwa kwa kulegea, ili yatiririke yanavyotaka. Ijumaa jioni yalikuwa hayatiririki.

Jumamosi saa moja na robo alipiga kulungu dume pembeni mwa uwanda, risasi moja, nyuma ya bega. Saa mbili matumbo yalikuwa yametoka. Shemeji na Kinyozi walikaa juu ya gogo, mikono magotini, wakimwangalia alivyokuwa akifanya kazi. Alizungusha kipande cha gunia kwenye pembe. Alikunja shingo nyuma hadi kichwa kikalala ubavuni, akakifunga. Akafunga miguu ya mbele pamoja, ya nyuma pamoja, akaikunja tumboni. Akalaza mkokoteni, akapitisha mikanda mitano, akavuta kila kifungo hadi ngozi ikabonyea.

"Amemvalisha," Kinyozi alisema.

"Amemsafisha, amemvalisha, bado kumwombea," Shemeji alisema. "Shemeji, saa mbili na dakika ishirini hiyo."

Spoki alichomeka bomba, akaliegemea kwa uzito wote wa mwili wake, ambao haukuwa mwingi. Mkokoteni ukasita, ukainuka, ukasimama kwenye mguu wake. Alichomoa bomba, akalifunga kando ya fremu. Akashika mishikio na kusukuma.

Mteremko wa kuelekea kijitoni ulikuwa mrefu na wenye mizizi. Alitembea na breki nusu imeshikwa, akisikiliza. Gurudumu liligonga mzizi; mzigo haukusogea. Likagonga jiwe, haukusogea. Baada ya nusu saa aliacha kumtazama kulungu na kuanza kutazama njia.

Karibu saa nzima baadaye alifika kwenye mti ambao alfajiri wenzake walimvushia mkokoteni ukiwa mtupu. Upepo wa katikati ya wiki ulikuwa umeuangusha mti huo mnene kama paja, ukalala kukatiza njia kwa kimo cha goti, na pande zote mbili palikuwa na vichaka vya miiba visivyopitisha hata sungura.

Shemeji alisimama nyuma yake. Hakufurahi, na Spoki aliisikia hali hiyo kwenye sauti yake.

"Saa tatu na dakika hamsini. Huwezi kuuinua juu ya huo, shemeji. Tuseme imetosha. Si aibu."

"Kaeni."

"Utafanya nini?"

"Nimesema kaeni, mnanizibia mwanga."

Kuupandisha mkokoteni juu ya mti kungemfungua mshono. Kuukata mti mzima kwa panga kungemaliza asubuhi. Spoki alichuchumaa, akapima tairi kwa vidole vyake: vidole vinne na kidogo. Kilichotakiwa kupita chini kilikuwa tairi tu. Kitanda na mzigo vilikaa juu, vingepita hewani. Magurudumu mawili yangehitaji mlango. Gurudumu moja lilihitaji ufa.

Alipiga magoti na kuanza kukata, kwa mkono na bega, tumbo akiliacha lipumzike. Mapande yaliruka. Kinyozi aliinuka mara mbili na kukalishwa mara mbili. Jasho lilimwingia Spoki machoni, na kinena kilianza kumwambia jambo. Alisimama, akajibonyeza kwa vidole pale kwenye kovu kama alivyoonyeshwa hospitalini, hakukuta uvimbe, akarudi chini. Ufa ulipofika kimo cha kifundo cha mguu alitupa panga, akakusanya mawe na udongo kwa mikono, akajaza mbele na nyuma ya gogo mpaka tairi lipate ngazi. Saa nne na dakika ishirini na tano alirudi kwenye mishikio, akalielekeza gurudumu kwenye ufa, na mkokoteni ukapita kama barua inavyopita chini ya mlango.

Kinyozi alipiga makofi mara moja, akakumbuka nani amekaa pembeni yake, akaacha.

Kijitoni walifika ikiwa zimebaki dakika nane kufika saa tano. Maji yalikuwa ya magotini na mawe ni yaleyale. Spoki alisimama ukingoni pumzi tatu, akatafuta kwa macho mstari ambao hakuupita wiki iliyopita, akaingia.

Alifika katikati. Gurudumu likaingia kati ya mawe mawili na kukwama. Mkokoteni ukaanza kulala kushoto, taratibu, kama mtu anayesinzia. Spoki aliegemea kulia, mguu ukateleza, akapata jiwe jingine. Nyuma yake akasikia maji yakirushwa: Shemeji alikuwa ameingia na viatu vyake, mkono umenyooshwa kuelekea fremu.

"Toa mkono!"

"Utaanguka, wewe!"

"Toa mkono, shemeji! Nikianguka nitaanguka na changu!"

Mkono ulibaki hewani, shibiri moja kutoka kwenye bomba. Spoki hakuuangalia. Aliacha kusukuma. Alisimama tu katikati ya maji, akauacha mkokoteni uegemee nyonga yake, akahesabu pumzi zake hadi mikono ikatulia. Mzigo nao ulitulia pamoja naye. Haukuwa na kichwa cha kuanguka wala mguu wa kuning'inia. Kisha alifanya jambo ambalo wiki iliyopita, kwa pupa yake, asingelifanya: alirudi nyuma, nusu mzunguko wa gurudumu, akaligeuza kidogo kulia, akasukuma tena. Jiwe likamwachia. Alitoka upande wa pili, maji yakimchuruzika suruali.

"Saa tano kasoro dakika moja!" Kinyozi alipaza sauti.

"Saa yako inachelewa," Shemeji alisema, bado yuko ndani ya maji.

"Saa yangu ndiyo ninayofungulia duka."

"Ndiyo maana wateja wanakukuta umefunga."

Kilima cha mwisho alikipanda hatua ishirini ishirini, kila baada ya ishirini akishusha mguu wa mkokoteni na kusimama bila kuketi. Alijua akiketi hatainuka. Hakuna aliyemwambia saa tena, na hakuuliza. Alipoliona bati la kibanda cha mizani aliongeza, akaenda thelathini.

Mizani ilikuwa ile ya chini, ya kupimia magunia. Afisa alimwangalia akiusukuma mkokoteni hadi juu ya bamba, akauliza uzito wa chuma kikiwa kitupu, akaambiwa kilo kumi na nane na nusu, akamtaka amfungue mnyama ili apime chuma peke yake. Spoki alifungua vifungo kimoja kimoja, akaulaza mkokoteni, kulungu akateremka kutoka kwenye bamba bila kuinuliwa na mtu. Chuma kilikuwa kilo kumi na nane na nusu. Afisa aliandika. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na moja.

"Dume, kilo arobaini na tisa," alisoma. "Risasi moja. Waliobeba?"

"Mmoja."

Afisa aliinua macho kwenye karatasi. Alimtazama Shemeji, aliyekuwa amelowa hadi mapajani, viatu vikitoa maji kila anapobadilisha mguu.

"Na huyu?"

"Huyo ni shemeji yangu," Spoki alisema. "Alikuja kunawa miguu."

Kinyozi alicheka mpaka akalishika goti. Hata afisa alilazimika kugeuka upande, akarekebisha kofia iliyokuwa haina kasoro. Shemeji hakucheka. Alikwenda kwenye gari lake, akafungua mlango kwa nje, akarudi na fomu ya mwaka kesho iliyokunjwa mara nne. Aliitandaza juu ya boneti na kuinyoosha kwa kiganja. Majina mawili yalikuwa yameshaandikwa kwa wino, la kwake na la Kinyozi. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu. Alikuja nao mtupu kutoka nyumbani, na Spoki aliliona hilo.

"Andika mwenyewe," Shemeji alisema. "Mkono wangu umelowa."

Spoki alichukua kalamu. Vidole vyake vilikuwa bado vimejikunja kwa umbo la mishikio na havikutaka kushika kitu chembamba hivyo. Aliviminya kwa mkono wa pili hadi vikakubali, akainama juu ya boneti, akaanza kuandika herufi ya kwanza.

"Fanya haraka basi, nyama iko juani."

"Isubiri," alisema Spoki, akaandika ya pili.